Siku Ishirini na Mbili za Nyangi

Makoko nzima, pale kando ya ziwa, ilikuwa inajua Nyangi yuko kwenye siku zake, na hakuna aliyetangaziwa. Baba yake, Mugeta, alikataza mwanamke mwenye damu kupita karibu na mtumbwi wake, eti dagaa wanakimbia. Basi binti wa miaka kumi na saba anaacha njia ya ufukweni, anazunguka barabarani kwenda shule, na vijana wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wanamhesabia.

"Leo ya ngapi?"

"Ya kumi na tano, bwana! Huyu atatumaliza kwa njaa."

Safari hii walifika ishirini na mbili. Khanga kuukuu za kuchana ziliisha. Ngazi tatu za darasani zilimtoa jasho. Na Jumatatu kulikuwa na mtihani wa kidato cha nne.

"Mama, nipeleke hospitali."

"Ya nini? Hata mimi nilikuwaga hivyohivyo. Ukizaa itakaa sawa." Mama yake, Getruda, akashusha sauti. "Watasema umetoa mimba. Kanisani nitaweka wapi uso?"

Aliyemwokoa ni dagaa. Siku nne nyavu zilitoka tupu, Mugeta akafoka: "Mpelekeni huyo akafungwe hiyo damu, tule!" Mtoto kupauka hakuona. Ndoo ya dagaa kukauka aliona haraka sana, mzazi huyo.

Jumamosi hospitalini, Nesi Hilda alisoma kipimo cha damu, akamgeukia Getruda.

"Damu saba, mama, na inatakiwa kumi na mbili. Wasichana wengi wa umri huu homoni hazijatulia, damu inavurugika. Ila ikizidi siku saba hamkai nayo nyumbani! Mngekuja mapema, vidonge pengine vingetosha. Sasa tunamlaza, tunamwongezea damu."

"Nesi, Jumatatu nina mtihani," Nyangi akasema.

"Jumatatu una mrija mkononi, mwanangu. Nitakuandikia cheti, mama akipeleke shule wakuombee kuahirisha mtihani. Kifike Jumatatu hiyohiyo."

Getruda alikisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kutokwa damu ukeni kupita kiasi.

"Nesi, huwezi kuandika malaria?"

"Hana malaria."

Mama akakikunja, akakisokomeza kifuani. "Nitapeleka."

Alhamisi Nyangi aliruhusiwa. Akapitia shule na mama yake; mwalimu wa taaluma, Wambura, hakumkaribisha kiti.

"Siku zote hizo ulikuwa kwa bwana gani?"

"Nililazwa, mwalimu. Mama alileta cheti."

"Cheti gani? Hapa hakuna mzazi aliyekanyaga."

Nyangi akamgeukia mama yake mlangoni. Getruda alikuwa anatazama sakafu, mkono umeshika kifua.

"Mama, mpe."

Getruda hakuutoa mkono.

"Alikuwa na malaria, mwalimu," akasema. "Cheti kimepotea."

Wambura akaandika mbele ya jina la Nyangi kwenye orodha ya mtihani: mtoro.