Neno la Mwisho Kwenye Jiwe la Mama

Karakanani walimwita Pumzi, kwa kuwa akianza kazi huwezi kumsikia akihema. Karatasi ya dhahabu ni nyepesi kuliko ganda la kitunguu. Ukikohoa, imekwenda kujibandika ukutani. Kwa hiyo Pumzi alifunga madirisha, akazima feni, akapitisha brashi shavuni ili ipate mafuta kidogo ya ngozi, kisha akainua karatasi na kuilaza ndani ya herufi zilizochongwa. Miaka ishirini na sita alipamba hivyo majina ya marehemu wa watu na ya wakubwa wanaofungua majengo.

Mama yake alimzaa kabla ya kuolewa, na akaingia naye kwa mumewe akiwa mgongoni. Wakazaliwa wengine wawili, wa kiume na wa kike, na migongo ikabadilishana zamu: sasa Pumzi ndiye aliyewabeba. Mama alipopooza, wale wawili walikuwa na ndoa, watoto na safari. Pumzi hakuwa na hata kimoja. Akamgeuza, akamwogesha na kumlisha kwa kijiko miaka tisa, mpaka alipomfumba macho kwa mkono wake.

Mdogo wake wa kiume ndiye aliyeagiza jiwe. Fundi wa patasi alilichonga nyuma ya banda, akilifunika turubai kila Pumzi alipopita. Siku ya kulileta mezani aliliweka, akaondoka bila hata kusema pole. Chini ya jina la mama palisomeka: MAMA MPENDWA WA WATOTO WAWILI.

Mdogo mtu akaja mchana uleule kulikagua.

"Wawili?" Pumzi aliuliza.

"Dada, usilikuze jambo. Jiwe lenyewe dogo, nafasi hakuna."

"Wawili herufi sita. Watatu herufi sita. Hesabu mwenyewe."

Akaangalia viatu vyake, kisha akaangalia saa. "Haya, nisizunguke. Ukoo wa baba wote watakuwepo siku ya kulifunua. Niwaambie nini, kwamba mama alikuja kwa baba na mzigo?"

"Mzigo huo ndio uliokubeba wewe."

"Na baba yangu ndiye aliyeulisha. Shukuru, dada. Halafu fanya kazi nzuri, watu watapiga picha."

Alipoondoka, Pumzi akampigia simu mdogo wao wa kike. Yule akasema, "Kaka ameshaamua. Mimi nifanyeje?"

Pumzi akafanya kazi. Gundi ya dhahabu ina saa zake: ukigusa kwa kifundo cha kidole, iwe inavuta bila kuacha alama. Ikipitiliza ikakauka, dhahabu haina pa kushika. Jina la mama alilipamba kwa wakati wake, na maneno yaliyofuata vilevile. Neno la mwisho alilipaka gundi, akaliacha siku mbili nzima, ndipo akalilazia dhahabu. Ilishika kwa huruma tu. Fundi wa patasi aliona, akajifanya anatafuta nyundo.

Siku ya kulifunua, herufi zote ziling'aa. Bibi mmoja wa ukoo akamsogelea akitabasamu. "Na wewe, mwenzetu, marehemu alikuwa nani kwako?"

Kabla hajafungua kinywa, mdogo wake akadakia: "Huyu ndiye fundi."

Mvua ya tatu ikaliosha neno lile. Lililobaki likimeremeta lilikuwa MAMA MPENDWA WA WATOTO. WAWILI likabaki mfereji mweusi, hauonekani mpaka uinamie. Pumzi alikwenda kuuona, akacheka peke yake mpaka mbavu zikamuuma.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Mdogo wake alitinga karakanani na picha kwenye simu. Bosi akamwita fundi wa patasi: gundi ilikuwaje? Fundi ana wanne wa kulisha, akasema alichokiona.

"Pumzi," bosi akasema, bila hasira, jambo lililouma zaidi, "mtu akinunua jiwe, ananunua na neno langu. Kusanya brashi zako."

Jiwe likapambwa upya na msichana ambaye Pumzi mwenyewe alimfundisha, na alimfundisha vizuri. Dhahabu mpya haifanani na ya zamani. Leo ukiingia pale makaburini, kinachokupiga machoni kwanza, hata kabla ya jina la marehemu, ni WAWILI.

Siku hizi Pumzi anaandika vibao vya maduka kwa rangi ya kopo. Kila Jumapili huenda kwa mama, lakini huketi nyuma ya jiwe, upande ambao haukusuguliwa wala kuandikwa. Humpa habari za wiki: bei ya rangi, majirani, meno yake yanayomsumbua. Kilichoandikwa upande wa pili hajawahi kumwambia.