Niliionea Aibu Shahada ya Binti Yangu, Nikamwita Daktari

Nimekosa, jamani, na nakiri huku nacheka! Nikiendelea kukaa nalo moyoni nitapasuka.

Mimi ni mama mtu mzima, nauza mbao Mafinga, na nyumba na shamba langu viko kijijini, upande wa Igowole. Binti yangu wa kwanza, nimwite Sekela, alipochaguliwa chuo Mbeya alinipigia simu anaruka ruka. "Mama, nimepata Masomo ya Mazingira!"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kila kitu kidogo kidogo, mama. Maji, udongo, sheria, uchumi, watu wanavyoishi. Darasani tuko kumi na mmoja tu."

Kumi na mmoja! Timu ya mpira, na wa akiba hawana!

Basi akina mama wa kwaya waliponiuliza binti anasomea nini, mdomo ukanitangulia. "Udaktari." Weee! Uongo ule ulikuwa mtamu. Nikaitwa Mama Daktari, nikawa nawekewa kiti cha mbele.

Mahafali yake sikwenda. Nilimdanganya nina mzigo wa mbao wa kupakia, kumbe naogopa wenzangu wasije wakaomba kufuatana nami. Mwanangu akapiga picha na mama wa rafiki yake. Hilo silicheki mpaka leo.

Aliporudi kijijini, Jumamosi asubuhi, nafungua mlango nakuta foleni uani! Huyu goti, yule presha. Mama Bahati, kiongozi wetu wa kwaya, kambeba mjukuu anayeharisha siku ya tatu.

"Kamwene, daktari," akasalimia.

Sekela akanitazama. Mimi nikatazama kuku.

"Shikamoo, mama. Mimi si daktari wa watu, nimesomea mazingira," akasema kwa upole. "Huyu mtoto aende zahanati sasa hivi, twendeni."

Wakaondoka kwa bodaboda. Mimi nikabaki na foleni yangu. Mungu wangu, yale macho!

Mtoto akapata dawa, akapona. Lakini Sekela hakuishia hapo. Mama Bahati alipokuja kushukuru, na majirani wamejaa uani, akamuuliza, "Siku hizi mnachota wapi maji?"

"Mtoni, mwanangu, yalivyo machafu hivyo hivyo. Chemchemi si imekauka?"

"Na pale juu ya chemchemi pamepandwa nini?"

Wote wakanigeukia. Milingoti, ile mikaratusi! Yangu! Niliipanda mwenyewe nikitarajia kuja kuuza nguzo.

Kwenye mkutano wa kijiji vijana walitaka kuichoma siku hiyo hiyo. Sekela akasimama. Akaeleza miti ile inavyofyonza maji. Akaeleza sheria, kwamba ndani ya mita sitini kutoka kwenye chanzo hairuhusiwi kulima wala kupanda ovyo. Nikajua nimekwisha. Kumbe ndiyo kwanza anaanza! Akaomba nipewe muda niikate na kuuza fito, nisitoke mikono mitupu, halafu tupande mivengi, miti yetu ya asili ya kwenye maji. Akawaomba wenye vinyungu, zile bustani za bondeni, wanisaidie kupanda, maana maji yakirudi ni wao watakaomwagilia mboga.

Wakakubali! Mwanasheria mtupu angenishitaki. Mtu wa maji mtupu angetoa mhadhara akaenda zake. Mwanangu alijua vyote viwili, na alijua pia kwamba kesho yake tutaendelea kuwa majirani.

Nikakata milingoti yangu michanga, nguzo nilizoziota zikawa fito za mabanda. Iliniuma! Ila tukapanda mivengi, na masika ya pili nikasikia vigelegele bondeni. Nikateremka mbio, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Maji! Membamba kama kamba, lakini maji! Mama Bahati ananirushia kwa viganja, tumelowa, tunacheza kama wasichana!

Jumapili yake nikasimama kanisani, nikatubu uongo wangu. Kwaya nzima ilicheka mpaka mchungaji akakaa chini kusubiri. Nyumbani nikamwomba mwanangu msamaha kwa mahafali yale.

"Mama," akasema, "ungeniuliza tu."

Ndugu zangu wazazi, mtoto akikutajia kozi usiyoijua, usikimbilie kuitafutia jina la kujisifia. Weka chai mezani, kaa, muulize unasoma nini hasa, na akuelezee mpaka uelewe. Mimi miaka mitatu nilimtumia unga na maharage Mbeya, swali sikumtumia hata moja. Na mahafali, jamani, nendeni! Hata kama darasa lina watu wawili, nendeni, pigeni vigelegele, aibisheni ukumbi mzima!