Vitambaa Vyekundu vya Mtua

Teofili alifika kwetu Mtua mwaka 1952 akiwa na baiskeli, kamba ndefu ya katani, mafungu mawili ya vijiti, na bahati mbaya ya kutumwa kutufundisha kulima karanga. Nasema bahati mbaya kwa sababu karanga tulikuwa tumekwisha kuziona zikifundishwa. Miaka kadhaa tuliangalia mashine kubwa kuliko nyumba zetu ziking'oa miti upande wa Nachingwea, reli ikaja, wageni wakaja, halafu kazi ikasimama na wenye mashine wakafunga virago. Sasa ametumwa kijana mmoja mwembamba aje atuonyeshe kwa kamba lile lililowashinda wenye matrekta. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mimi, Kaimu, nilicheka kuliko wote, ndiyo maana habari hizi naziandika mimi.

Teofili alikuwa amesomeshwa na misheni, kisha akasomea ubwana shamba miaka miwili. Alituambia tuache kutupa mbegu ovyo. Tuvute kamba, tupande kwenye mstari, tuache nafasi ya futi moja na nusu, tupalilie mapema. Alisema kwa adabu, kwa sauti ya mtu anayesoma sala. Swalehe, jirani yangu, ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika tangu azaliwe, akamwuliza, "Bwana shamba, karanga ikiota nje ya mstari ni haramu?" Watu wakaangua kicheko, na mkutano ukaishia hapo.

Hatukujua kwamba kijana yule alikuwa amepewa misimu miwili tu. Asipopata watu wa kupanda kwa mistari, kazi basi, arudi kwao akamweleze baba yake kwamba miaka yote ile ya shule ilikuwa ya kujifunza kuvuta kamba peke yake. Alikuja kuniambia mwenyewe baadaye, na aliponiambia nilimwonea huruma, ila huruma yenyewe ilikuwa imechelewa.

Mtu mmoja tu alikubali. Swaumu, dada mkubwa wa mama yangu, mjane asiye na mtoto. Watu walisema kizee kimeona mbali, au kimepumbaa. Ukweli ni mwepesi zaidi, nao unanichoma hadi leo: alikuwa hana wa kumlimia. Sisi watoto wa wadogo zake tulikuwa watano, wenye nguvu na majembe, na kila msimu tulimwambia tutakuja kesho. Teofili alimwambia, "Bibi, ukinipa shamba lako liwe la mfano, nitalipanda kwa mikono yangu." Mama mkubwa hakuuliza futi wala nafasi. Alisema, "Njoo na jembe lako." Yale maarifa mapya aliyapokea kwa sababu yalikuja na mtu wa kulima.

Akalima Teofili, akavuta kamba, akapigilia vijiti kila mwanzo na kila mwisho wa mstari. Siku chache baadaye tukaona ajabu. Mama mkubwa alikuwa amerarua kanga yake kuukuu, nyekundu, na kila kijiti kimefungwa kitambaa.

Sasa lazima niseme habari za nguruwe. Pori lao lilipofyekwa, nguruwe hawakwenda Ulaya. Walihamia kwetu. Msimu ule walikula karanga zangu, wakala za Swalehe, wakachimbua mihogo, wakala mpaka mbegu tulizokuwa bado tunazihesabu kama watoto wetu. Lakini shamba la mama mkubwa hawakuligusa. Mistari yake ilisimama mizima kutoka kitambaa hadi kitambaa.

Hapo Mtua nzima ikafunguka macho. Tulikuwa na desturi ya kuzika dawa kwenye pembe za shamba, kila mtu anajua, na ile mistari iliyonyooka na vijiti vyenye vitambaa vyekundu ilikuwa na sura yote ya dawa kali. Tena dawa ya kizungu! Imepimwa kwa futi! Swalehe ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda kuiba kitambaa kimoja, akakifunga shambani kwake, na siku ya pili nguruwe wakamalizia kilichobaki. Kwa hiyo tukajua kwamba kitambaa peke yake hakitoshi. Lazima kamba, lazima mstari, lazima na neno la Swaumu.

Basi msimu uliofuata tulimiminika kwake. Mama mkubwa alitusikiliza wote, kisha akatoa masharti kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, maana walikuwapo na watu wa kijiji cha Marambo wasiojua Kimwera chetu.

"Kitambaa nitampa," alisema. "Lakini ana mwiko. Panda kwa kamba ya bwana shamba, usipinde. Mwenye shamba akae dunguni, apige debe mpaka alfajiri. Akilala, kitambaa nacho analala. Na kabla sijampa, aje kwangu alime siku moja."

Tukalima kwake. Mimi niliyekuwa nikisema kesho miaka yote, nililima siku mbili, ili kitambaa changu kiwe na nguvu zaidi ya cha Swalehe. Mistari ikavutwa Mtua yote, mashamba hamsini na kitu. Watu walikesha madunguni, juu ya vichanja vya kulindia shamba, wakipiga madebe, na walipokezana kwa kuwa hakuna aliyethubutu kukilaza kitambaa. Nguruwe wakakoma. Karanga zikajaa vihenge, maana mistari nayo ilipaliliwa upesi, ingawa hilo hakuna aliyelitaja.

Lakini kabla hatujavuna, Mzungu mkubwa wa kilimo alikuja kukagua. Alitembea kati ya mistari kwa furaha ya mtu anayeona nguo zake zimefuliwa vizuri. Kisha akasimama mbele ya kijiti, akashika kitambaa, akauliza ni cha nini.

Teofili alikuwa amekwisha kusikia habari ya dawa, na moyo wake ulikuwa umeumia. Alikuwa Mkristo wa kweli, hata biashara ya hirizi aliogopa kuitazama. Lakini msimu wa pili ulikuwa umefika, na akisema kweli, mashamba hamsini yanageuka kuwa uganga.

"Ni alama, Bwana," alisema. "Jicho lione mstari unapoanzia."

Mzungu akatoa kitabu chake, akaandika.

Mwaka uliofuata ukaja waraka kutoka ofisini. Wakulima wote watumie mistari, na kila mstari uwe na kitambaa chekundu mwanzoni na mwishoni, kama ilivyothibitishwa Mtua kwamba huongeza mavuno. Pamoja na waraka likaja robota zima la kitambaa chekundu, jipya, la dukani. Sisi tulikuwa tumeuchukua mstari wa serikali tukaufanya dawa, na serikali nayo ikachukua dawa yetu ikaifanya kilimo bora. Teofili alisifiwa kwa barua, kisha akahamishiwa Likunja, upande wa Ruangwa, akaifanye Likunja kama Mtua. Mzungu angekuja mwezi wa tatu kuangalia. Barua ilisema wazi kwamba asiyeweza kurudia kazi yake mara ya pili, ile ya kwanza ilikuwa bahati.

Miezi miwili hatukumsikia. Kisha siku moja ya Januari, mvua zimetupa nafasi kidogo, nilikuwa juu ya paa la mama mkubwa naziba mahali panapovuja. Nikaona baiskeli inakuja, imejaa tope, na juu yake Teofili aliyekonda mpaka kola ya shati imekuwa kubwa. Hakuniona. Mama mkubwa alikuwa amekaa mlangoni anabangua karanga.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Likunja wanakula nini? Mbona hawakupi?"

Alikaa chini, akamweleza. Watu wa Likunja walipewa vitambaa bure, kila mtu fungu lake. Wakashukuru. Wiki ya pili akaona kitambaa kimekuwa kiraka cha kanzu, kingine kilemba, kingine kimembeba mtoto mgongoni. Kamba yake waliifungia mbuzi. Mtama walikuwa wamekwisha kupanda, karanga walikuwa wanajiandaa kuzipanda ovyo kama babu zao, na mwezi wa tatu ulikuwa unakuja.

"Na hayo ni adhabu, Bibi," alisema. "Mimi nilimdanganya yule Mzungu. Nilijua ni dawa yako, nikasema ni alama tu ya kuonea mstari. Mungu amenilipa."

Mama mkubwa aliacha kubangua. Akacheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya kanga.

"Hukudanganya, mwanangu. Alama, kweli. Mimi jicho langu mbovu. Kijiti rangi ya udongo, udongo rangi ya kijiti, najikwaa kila siku. Nikafunga kitambaa, nione."

Niliachia fungu zima la nyasi, likaanguka mbele yao. Teofili akaruka. Mama mkubwa hakutazama hata juu. Alinisemesha kwa Kimwera kwamba aliyepanda paa aezeke, masikio ayaache huko huko.

"Na nguruwe?" Teofili aliuliza. "Mbona hawakuingia?"

"Mimi usingizi sina. Mume amekufa, nyumba kimya. Nilikuwa naenda dunguni, napiga debe mpaka kunakucha. Mtua yote walisikia."

Na kweli tulilisikia. Tulikuwa tukigeuka kitandani na kusema kizee kimekosa usingizi, kinatusumbua. Ukiona vyaelea, vimeundwa, nasi tulikuwa tumesikia kwa masikio yetu vikiundwa, tukaenda kuabudu kipande cha kanga. Nilishikwa na aibu kule juu, na hasira, sijui hasira kwa nani. Siku mbili nililima!

"Lakini kwa nini hukuwaambia watu, Bibi?"

"Nani aliniuliza? Walikuja kuomba dawa. Ningesema, 'Hakuna dawa, kesheni mkapige debe,' wangekesha? Ningesema, 'Mimi mzee, njooni mnilimie,' wangekuja? Niliwaambia. Miaka mingi niliwaambia."

Teofili aliinamisha kichwa. Mimi niliangalia nyasi.

"Sasa nifanyeje? Mimi siwezi kusema ni dawa. Ni dhambi."

"Nani kakutuma useme? Rudi, kusanya vitambaa vyote. Hata cha mgongoni mwa mtoto. Mtu akiuliza sababu, sema huna ruhusa ya kumweleza. Serikali imekupa ruhusa?"

Teofili alifikiri. "Waraka haukusema niwaeleze."

"Basi, kweli tupu. Halafu anayekitaka, mwulize mambo matatu. Atapanda kwa kamba? Atakesha? Na Likunja yuko mzee asiye na mtu, atamlimia? Akikubali, mpe kimoja. Kimoja tu. Na haya ya jicho langu," akamnyooshea kidole, "uyaache hapa hapa mlangoni. Ukienda nayo Likunja, watalala."

Akaondoka na baiskeli yake. Tulikuja kusikia kwamba alipoanza kukusanya vitambaa, Likunja iliingiwa na wasiwasi mkubwa. Wanawake walifumua viraka kwa wembe. Jumbe mwenyewe alimfuata akamwuliza kwa siri kuna nini, na Teofili akasema, huku uso umemwiva kwa haya, kwamba hana ruhusa ya kusema. Basi ikatosha. Mwezi wa tatu Mzungu alikuta mistari imenyooka, na vikongwe watatu wana mashamba makubwa kuliko ya vijana. Teofili akabaki kazini. Iliandikwa kwenye ripoti, alinionyesha mwenyewe, kwamba mkulima wa sehemu hizi akielezwa sababu kwa uvumilivu, huelewa.

Lakini siku ile ya paa, Teofili alipokwisha kuondoka, mimi nilishuka. Mama mkubwa aliendelea na karanga zake. Nilitaka kumwomba radhi, lakini yeye ndiye aliyeanza, kwa lugha yetu.

"Haya, sasa unajua. Utalala?"

Nilikwenda moja kwa moja shambani kwangu. Karanga zilikuwa zinatoa maua, na mwanzoni mwa mstari wa kwanza kitambaa changu kilikuwa kimefifia kwa mvua. Nikapiga magoti nikashika fundo ili nikifungue, nikamwonyeshe Swalehe, tucheke wote kama zamani. Nikamwona Swalehe akicheka. Nikamwona akirudi kitandani. Nikaliona shamba la mama mkubwa msimu ujao, na sisi watano tukisema kesho.

Nililikaza fundo, nikachukua debe langu, nikapanda dunguni.