Uso Uliotakiwa na Jarida la Mwamba

Watu wakiiona ile picha husema bibi ameigiza vizuri. Sikuigiza. Sijui kuigiza, hata msibani nikikosa machozi hukaa tu nimeinama mpaka wenzangu wamalize.

Nilikuwa Korogwe, kwa binti yangu, kwa ajili ya macho. Nililetwa na kanga mbili na mfuko wa mbaazi, nikaambiwa jicho moja likishapona na la pili likashughulikiwa nitarudi kwangu Kwaluguru nikalime. La kwanza likapona. La pili likawa la mwezi ujao. Nikiuliza, binti yangu anasema daktari hajasema. Mwezi ukiisha, daktari bado hajasema. Nikawa naona kwa jicho moja, na hilo moja lilikuwa linaona vizuri kuliko walivyodhani.

Basi mjukuu wangu, binti wa huyu binti yangu, anasoma chuo, anajifunza kutengeneza matangazo na vitabu kwenye kompyuta. Wakapewa kazi ya kumalizia masomo: kila mmoja atengeneze jarida la muziki, lakini lifuate desturi za muziki wake. Wenziwe wakapata taarabu, wengine singeli, mmoja kwaya. Yeye akaangukiwa na muziki wa roki. Nikamuuliza ni muziki gani huo. Akanisikilizisha kwenye simu. Nikamwambia huyo mtu apelekwe hospitali.

Akanieleza kwamba roki maana yake mwamba, jiwe kubwa. Kwa hiyo jarida akaliita MWAMBA. Hilo nililielewa, maana siku hizi hata vijana wa bodaboda wakimsifu mtu humwita mwamba. Nikamwambia vizuri, weka picha ya kijana wa bodaboda. Akasema hapana, jarida la namna hiyo lina sheria zake. Lazima liwe jeusi, na jekundu kidogo kama damu, na jeupe. Herufi zake ziwe zimechanika kama zimekatwakatwa na panga. Na anayekaa mbele asicheke. Akutazame machoni kana kwamba umemuulia mbuzi wake. Wa taarabu anatabasamu, wa kwaya anatazama juu mbinguni, wa roki anakutazama wewe. Hiyo ndiyo desturi yao.

"Sasa Korogwe nzima nimetafuta uso wa hivyo nimekosa," akasema. "Nikakukumbuka wewe. Wewe bibi hata ukilala unaonekana umegombana na mtu."

Sikukasirika. Marehemu mume wangu naye alikuwa akisema hivyo hivyo, kwamba usiku akiamka akaniona, anajikagua amekosa nini. Na halafu kwetu mjukuu na bibi ni watani. Mjukuu wa kike ananiita mke mwenzangu, tunagombania babu yake ambaye yuko kaburini, na anaweza kuniambia neno lolote, liwe bovu namna gani. Anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Nilipoolewa, bibi yangu mzaa baba aliwaambia wakwe mbele yangu kwamba wamebeba gunia la pumba. Nikacheka mimi, wakacheka wakwe, ndoa ikafungwa. Lakini mama na mwanawe hawataniani. Mtoto wako wa kumzaa hakutanii, na wewe humtanii. Hapo pana heshima, au pana woga, sijui, lakini utani haupo.

Siku ya picha akatundika shuka jeusi ukutani uani. Akanivalisha koti la ngozi la jirani, zito, linanuka mafuta ya pikipiki. Alitaka nivue mtandio, nikakataa, akaniletea mweusi. Mkononi akanifunga mkanda wenye misumari, nikauliza umetoka wapi, akasema dukani, ni wa mbwa lakini hakuna mbwa aliyewahi kuuvaa. Nikaapa nitaoga mara saba. Kisha akanipakatisha gitaa aliloazima kwa msichana wa Lutindi anayesoma naye, la kwaya ya kanisani kwao, lina karatasi ya msalaba imegandishwa nyuma. Mwislamu mzima nimebeba gitaa la kanisa na mkanda wa mbwa. Nikacheka mpaka jicho baya likatoa machozi.

Ndiyo ikawa taabu. Kila akinyanyua kamera nacheka.

"Bibi, usicheke. Ukicheka unakuwa bibi tu."

Nikajaribu. Nikafikiria ngedere waliokula mahindi yangu mwaka ule wa njaa, nikaishia kucheka, maana mmoja alivaa kofia ya shemeji yangu aliyokuwa ameisahau shambani. Mjukuu akaanza kunichokoza ili nikasirike. Akasema miguu yangu ni ya kuku wa kienyeji. Akasema babu alimtokea ndotoni akalalamika kwamba miaka yote alikula ugali wangu mbichi kwa woga. Akasema nilipokuwa kwenye kisomo cha watu wazima mwalimu alinipasisha ili nimwondokee. Hilo la mwisho lina ukweli. Yote nikayacheka, na mengine nikamrudishia mabaya zaidi, nikamwambia kwa ule mdomo wake mume atamtafuta kwa tochi. Binti yangu alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, anachambua maharage, na yeye akawa anacheka chini chini, kama mtu asiyehusika.

Mjukuu akashusha kamera. Akaniambia kwa sauti ile ile ya utani:

"Basi mke mwenzangu, unangoja jicho la nini? Kwaluguru huendi tena. Shamba limeshauzwa, na bati za nyumba yako zimeezuliwa."

Nikacheka kuliko mwanzo. Nikamjibu kwamba wakiniuza na mimi wamtoe yeye kama nyongeza. Na kama afanyavyo mtu akisikia utani mkali, nikageuka kumtafuta mwingine wa kucheka naye. Nikamtazama binti yangu.

Mikono yake ilikuwa imesimama ndani ya maharage. Nilingoja amkaripie mwanawe, maana kila siku humwambia aache ujinga, bibi yako si rika lako. Hakumkaripia. Alimtazama mtoto, akamwuliza taratibu:

"Nani kakwambia?"

Alimuuliza yeye, mimi hakuniambia kitu.

Nikarudisha uso mbele, na pale mbele palikuwa na kamera.

"Hapo hapo, bibi," mjukuu akasema. "Usisogee."

Ikalia. Ikalia tena. Sikusogea. Niliyekuwa namtazama machoni siku ile hakuwa mbele yangu, alikuwa kando na maharage yake, lakini anayelichukua lile jarida anadhani anatazamwa yeye.

Mpaka leo sijui kama alisema vile kwa kunihurumia, maana alikuwa amewasikia mama yake na mjomba wake kwenye simu na pengine hakuwa na njia nyingine ya kunifikishia ila utani, au alisema kwa sababu picha ilikuwa imekataa. Nilimuuliza. Akasema vyote viwili, bibi. Nilimpenda kwa kutodanganya, na siku hiyo hiyo nilitamani kumtia kofi.

Binti yangu alinieleza baadaye tukiwa tunakula. Alisema yeye na kaka yake waliona nisingeweza kuishi peke yangu kule na macho haya, kwamba ningeanguka kisimani, kwamba ningefia ndani watu wajue kwa harufu. Alieleza vizuri, amesoma yule. Nikamwambia, "Kwa hiyo mkaona mniue kwanza, nisije nikafa." Akalia. Nikamaliza kula. Maharage yalikuwa na mawe, hakuwa ameyachambua vizuri.

Jarida likatoka. Mjukuu akaniletea, jembamba, linang'aa, jeusi kama chungu. Nikalishika karibu na jicho langu zima. Jina limekaa juu kabisa, lakini kichwa changu kimeziba katikati yake, imebaki MW upande huu na BA upande ule. Nikamwambia umeandika jina halafu umelifunika na kichwa. Akasema ndiyo desturi, jarida linalojulikana watu hawahitaji kulisoma jina lote.

"Linajulikana na nani? Si umelitunga juzi?"

Akasema ndiyo maana linafunikwa, ili watu wadhani linajulikana. Nikaona kumbe hata majarida yana majivuno kama watu. Chini pembeni ameweka vile vimistari vya bidhaa za dukani, na duara jekundu lenye ahadi kwamba ndani kuna picha kubwa ya kubandika ukutani. Ndani hamna, nililifungua. Na kifuani kwangu, kwa herufi zilizokatwa panga, kumeandikwa neno moja. Nililisoma polepole kama nilivyofundishwa kisomoni, a-me-ru-di.

"Amerudi wapi?" nikauliza.

Akalifuta jarida kwa kiganja. Kisha akasema ndivyo majarida ya roki yanavyopenda, mwanamuziki mzee aliyepotea, siku moja anarudi jukwaani, watu wanashangilia. Alikuwa ameliandika neno hilo kabla ya siku ya picha. Namwamini. Mwalimu wake alimsifu sana, akasema uso ule ndio desturi yenyewe, haufundishiki, na akamuuliza huyo mzee mmempata wapi. Mjukuu alisema ni jirani. Hilo pia aliniambia mwenyewe.

Nikamwambia umepata ulichotaka, sasa nipeleke nikaone. Hakubisha. Hatukumuaga mama yake. Tulipanda basi mpaka Handeni, na pale stendi tukachukua bodaboda, mjukuu nyuma yangu amenishika kiuno kama mzigo wa mkaa.

Nyumba ilikuwa wazi juu. Kuta zangu zimesimama na ndani mna mbuzi, wananitazama kupitia dirisha la chumba nilichozalia. Mahindi yamepandwa mpaka kwenye kizingiti. Kwenye kibanda kipya kando ya shamba akatoka mwanamume wa makamo, mpole, kofia mkononi. Akaniamkia shikamoo, nikaitika. Akasema karibuni wageni, akamwita mkewe alete viti na maji ya kunywa. Maji ya kisima changu, katika kikombe cha mtu mwingine. Nikanywa, yalikuwa matamu kama zamani.

Nilitaka kumchukia nikashindwa, hakuwa na kosa. Nikamwambia mimi ni nani. Akainamisha kichwa, akasema ananijua kwa kusikia. Akatuongoza nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la mume wangu. Lilikuwa safi, mawe yamepangwa upya. Nikasoma dua nilizozijua, nikamaliza. Nikaona kando ya kaburi pana kipande cha ardhi kimeachwa kitupu, mahindi yamekizunguka pande zote, urefu wa mtu aliyelala.

Nikamuuliza mbona hapa hujapanda.

"Hapo pako, bibi," akasema. "Tulikubaliana hivyo na wanao. Binti yako ndiye aliyesisitiza, alisema bila hapo hauzi."

Mjukuu wangu alikuwa amebeba simu, akaiweka mfukoni.

Nikaingia pale katikati nikapakagua. Pameinama kidogo upande wa miguu, mvua ikinyesha maji yatakusanyika huko, na pana siafu. Lakini udongo wenyewe ni mzuri, naujua, niliupalilia miaka mingi, ndipo palipokuwa pakitoa mahindi mazuri kuliko kwingine kote. Nikamwambia yule bwana asipaache bure hivyo. Mvua zijazo apande, na mwaka utakaofuata apande tena, mimi sina haraka.

Akasema ahsante, bibi. Akaniuliza nashauri apande mbegu gani.