Shina Lenye Kitambaa

Usiku ule nilipanda kitandani bila kula. Chakula kilikuwepo, ila sikuona sababu ya kukipakua. Naandika sasa hivi kabla sijasahau. Kama kuna mahali nimeongeza bila kujua, mnisamehe, maana mimi kalamu si kazi yangu, na ndotoni nilikuwa peke yangu.

Jioni ya siku hiyo kaka Shabani alinifuata jikoni. Tangu tumzike Bibi, aliyetulea sisi wawili, bustani yake ya nyuma ilikuwa inakauka. Kaka alitaka kuing'oa ajenge chumba cha kupangisha. Simlaumu. Ana watoto, na vibarua havina uhakika. Tena ninayekaa hapa ni mimi, na sikuwa nimeimwagilia hata mara moja.

"Zaina, fundi anakuja asubuhi. Ukikataa, namrudisha. Ila sema, mdogo wangu, usininyamazie."

"Fanya unavyoona."

"Hilo nalo ni jibu?"

Nikajipekua kama nina uchungu wowote. Sikukuta kitu. Tangu msiba mwili wangu ulikuwa kama mkono uliolaliwa: upo, lakini huusikii.

Basi nikalala. Na Bibi yuko jikoni, anaosha mchele.

Sikushtuka. Nilijua amekufa, na yeye anajua, ila halikuwa jambo la kuzungumza. Amevaa ile kanga yake iliyopauka. Maji ya mchele anayakinga kwenye beseni, kama alivyofanya siku zote, maana kwake maji yale yalikuwa ya mchicha, jivu la kufukuzia wadudu, maganda ya shimo la mbolea. Hata ukoko hatukuutupa, tuliugombania.

"Mke mwenzangu," ananiita. Ndivyo alivyonitania tangu utoto, na kaka akimwita mume wake. "Mume wetu kashakula?"

Nataka kumwambia habari ya fundi. Mdomo haufunguki.

Mara ukuta haupo. Tuko bustanini, lakini bustani iko chumbani kwangu, mchicha umeota mpaka uvunguni. Bibi anachuma, anatupia kwenye ungo, bila haraka. Namwona anatafuta kitu kati ya mashina.

Nikajua anachotafuta. Kila msimu alichagua shina moja, lile zuri kuliko yote, akalifunga kitambaa alichochana kwenye kanga kuukuu. Lenye kitambaa halichumwi, hata siku ambayo hakuna mboga nyingine. Linaachwa lizeeke, litoe mbegu. Na likizeeka halitazamiki, limekuwa gumu, limekonda, majani yamepukutika. Nilizoea kumwambia, "Bibi, hilo si limekufa?" Naye hujibu, "Liache, liko kazini."

Sasa anasimama mbele yangu. Anachana pindo la kanga aliyovaa, anainama kwa shida ileile ya magoti, ananifunga kitambaa mguuni, juu kidogo ya kifundo.

"Bibi, mimi nimekauka."

Ananitazama kama alivyokuwa akilitazama lile shina. Halafu anainua beseni, ananimwagia maji ya mchele miguuni, polepole, mpaka yanaisha.

"Huyu asichumwe," anasema. Sijui alikuwa akimwambia nani. Chumbani tulikuwa wawili tu.

Yale maji yalikuwa ya baridi. Hayo ninayakumbuka vizuri, kwa sababu niliyasikia.

Nikaamka. Miguu mikavu, kitambaa hakuna. Nje kumepambazuka. Nikatoka hivyo hivyo pekupeku hadi nyuma ya nyumba. Siku za msiba majirani walichuma mboga yote kulisha waombolezaji, na hawakukosea, watu lazima wale. Lakini kwenye kona, karibu na jiko, shina moja lilikuwa limesimama, kavu kabisa, na kitambaa chake. Hakuna aliyeligusa. Nikalifikicha suke kiganjani, nikapuliza makapi. Zikabaki mbegu, nyeusi, zinang'aa.

Kaka akaja na fundi. Akanikuta nimefumba kiganja.

"Haya, Zaina. Umepata jibu?"

"Jenga, kaka. Ila hapa karibu na jiko uniachie, ukubwa wa mkeka."

"Mkeka wa mtu mmoja au wa harusi?"

"Wa harusi."

Akalitazama lile shina, akakiona kitambaa. Kisha akamgeukia fundi, "Kamba yako ya kupimia ivute kule. Hapa pa mke wangu."

Sikucheka, na kulia pia sikulia. Nisiseme nimepona, nitakuwa nadanganya. Niliingia ndani, nikazifunga mbegu kwenye pindo la kanga, nikapima mchele wa mchana. Nilipoanza kuuosha, nikaweka beseni chini, kukinga maji.