Kadi Zilizopigwa Pasi

Truphena Akoth hakuwahi kumuuzia mtu suruali yenye tundu bila kumwonyesha tundu lenyewe. Soko zima la Migori lilijua hivyo. Alikuwa akiingiza kidole tunduni na kukichezesha mbele ya mteja: "Iko hapa, umeiona? Usikuje kesho kunipigia kelele." Miaka kumi na sita ya kuuza mitumba, na hakuna aliyewahi kumwita mwongo. Kwa hiyo siku alipoitwa mwongo, tena na kijana aliyeketi kwenye benchi lake akinywa chai yake, alikosa la kusema. Wanaomjua watakuambia kwamba huyo si mtu wa kukosa la kusema.

Chanzo ni zile kadi, na kadi zenyewe zilitoka mifukoni. Ukifungua robota la makoti ya watoto kutoka ng'ambo, mifukoni hukosi vitu: tiketi, pipi iliyoganda, soksi moja isiyo na mwenzake. Truphena alikuwa akikuta pia vikadi vigumu vyenye picha za wachezaji wa mpira. Alivitupa, au aliwapa watoto wavichezee huku mama zao wakichagua nguo. Halafu mwaka juzi akaja Beverly, mwalimu wa chekechea kutoka Ndhiwa, kutafuta sweta. Aliona kikadi kimoja juu ya meza akashika kifua. Akaeleza kwamba kuna watu wanaokusanya vitu hivi, watu wazima wenye akili zao timamu, na wana kundi lao kwenye simu ambako huuziana na kubadilishana. Kwa kile kikadi kimoja alilipa bei ya makoti matatu. Truphena alimtazama mwalimu wa watu, akaitazama ile karatasi, akamtazama tena mwalimu. Alishangaa wiki nzima.

Mshangao ulipoisha, biashara ikaanza. Alifungua ukurasa mtandaoni, akaanza kupiga picha kila kadi mbele na nyuma. Mteja akiuliza swali saa sita, saa sita na dakika moja amejibiwa. Kila kadi iliondoka Migori ikiwa ndani ya nailoni safi, imezungushiwa kipande cha kitambaa, na kikaratasi cha asante chenye jina la mteja kwa mwandiko wake mwenyewe. Wateja waliandika sifa mpaka akaona haya. Beverly, aliyeitia moja ya kadi hizo kwenye fremu na kuitundika sebuleni, aliandika kwamba Mama Levi, kama wateja wanavyomwita Truphena, hana mpinzani Nyanza nzima.

Sasa, mifukoni mwa watoto kadi haiwezi kukaa salama. Nyingine zilikuja zimekunjika, nyingine kingo zimechakaa. Na hapa ndipo mama wa mitumba alipofanya kama mama wa mitumba. Hutundiki shati likining'inia nyuzi. Unakata nyuzi, unapiga pasi, kwa sababu mteja ni mtu wa kuheshimiwa. Kadi iliyokunjika Truphena aliilaza chini ya kitambaa akaipitishia pasi ya makaa iliyoanza kupoa. Kadi yenye kingo zilizochakaa aliiwekea rula, akachukua wembe, akaipunguza kidogo, unene wa uzi tu, mpaka ukingo ukanyooka. Vile vikanda vyembamba alivishindilia ndani ya kimto chake cha kuchomekea sindano, maana yeye hatupi kitu. Kisha aliandika chini ya picha: Safi, haina kasoro. Wala hakuona uongo wowote hapo, kwani kasoro si alikuwa ameiondoa?

Kijana wa kwenye benchi aliitwa Javan, kinyozi wa Homa Bay. Mwezi wa tatu alikuwa amenunua kwake kadi ya kipa mmoja wa zamani, kadi aliyoitafuta kwa miaka minne. Jumamosi moja alitokea sokoni bila kupiga simu, ameshika bahasha. Truphena alifurahi kumwona mteja wake uso kwa uso, akaagiza chai na mandazi kabla hata hajamuuliza habari za nyumbani.

"Mama Levi, nilikuja kuuliza kitu kimoja tu," Javan alisema. "Hii kadi ilitoka wapi? Yule mtu alikuwa nayo kabla yako, unaweza mjua?"

"Ilitoka kwa koti la mtoto, nyathina, mwanangu. Kwani iko na shida?"

Akamweleza. Alikuwa amekubaliana na mtu wa Kisumu wabadilishane kadi. Kabla ya kubadilishana wakaipeleka Nairobi kwa watu wanaokagua kadi, ikarudi na neno moja: imekatwa. Kundi zima lilimgeukia. Walisema ameikata mwenyewe ili aonekane ana kadi nzuri, wakamtoa, wakaweka jina lake na picha yake kwenye orodha ya walaghai. Wateja wawili wa kinyozi walikuwa katika kundi hilo, na tangu siku hiyo hawajakanyaga kwake.

Truphena alicheka. Alicheka kwa moyo mweupe kabisa, kama mtu aliyeona shida ndogo yenye jibu jepesi.

"Si ni mimi niliikata," alisema. "Ilikuwa imechakaa huku chini. Nikakunyooshea, na sikuongeza hata shilingi."

Javan aliweka kikombe chini. Alitoa kwenye bahasha kadi nyingine ya aina ile ile, akailaza mezani, kisha akailaza ya kipa juu yake, pembe kwa pembe. Upande wa chini, ya pili ilichungulia. Ulikuwa mstari mwembamba tu, lakini jicho lililokagua mapindo ya nguo miaka kumi na sita liliuona mara moja.

"Kadi zote hutoka kiwandani saizi moja," alisema taratibu. "Ikikatwa imekufa. Heri ungeniuzia ikiwa imechakaa, ningeinunua hivyo hivyo. Uliandika haina kasoro, mama. Huo ni uongo."

Basi ndipo Truphena alipokosa la kusema. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Alitaka kukasirika akashindwa, kwa sababu mstari ulikuwa pale mezani na yeye ndiye aliyeuchora kwa wembe wake. Alichokuwa akikitoa kama heshima kilikuwa wizi, na alikuwa amekifunga kwa kitambaa na kuandika asante juu yake.

"Uliwaambia ulinunua kwangu?" aliuliza baadaye.

"Hapana. Nilisema wacha kwanza nikuulize." Akasimama, akashukuru kwa chai, akaenda zake. Mandazi aliyaacha.

Robi, jirani yake anayeuza viatu, alikuwa amesikia yote, maana kati yao ni turubai tu. "Nyamaza, Mama Levi," alishauri. "Hakuna mtu anajua isipokuwa huyo kijana, na yeye hawamwamini. Ukisema, nani atanunua kwako tena? Hata hizi nguo watasema umezichezea."

Robi hakuwa mtu mbaya, na alilosema lilikuwa kweli tupu. Truphena angeweza kufunga kinywa na Javan akabaki mlaghai machoni pa watu huko Homa Bay, mbali. Alivuta kopo la kadi zilizokuwa zikingoja kutumwa, akazipima moja juu ya nyingine. Tatu zilikuwa fupi. Akakumbuka kimto.

Alikifumua kwa wembe ule ule. Pamba ikatoka, na pamoja na pamba vikatoka vikanda: vyeupe, vya bluu, vya dhahabu, kimoja cha kijani. Alivipanga juu ya meza kimoja kimoja akivilinganisha na picha zilizokuwa kwenye ukurasa wake. Kadi kumi na saba alizokwisha kuuza. Alikaa chini kwenye robota ambalo halijafunguliwa. Mteja aliyeuliza bei ya blauzi hakujibiwa.

Halafu akapiga picha ya vile vikanda. Akaandika kwamba yeye Truphena Akoth wa soko la Migori ndiye aliyezikata kadi hizi, kwa mkono wake, kwa kutojua. Kwamba Javan wa Homa Bay aliuziwa ikiwa tayari imekatwa na hana hatia. Na kwamba yeyote aliyenunua airudishe, atarudishiwa chake. Akaiweka kwenye ukurasa. Kwa kuwa yeye hakuwa ndani ya kundi la wakusanyaji, akamtumia Beverly, akimwomba aipeleke huko. Robi alipoisoma begani pake alimaka, "Yawa," kama anayeshuhudia maafa, akarudi kwa viatu vyake.

Jibu la Beverly lilikuja baada ya nusu saa.

"Nimeiweka kwa kundi. Wamesema Javan watamrudisha na kumwomba msamaha." Kisha simu ikalia tena. "Mama Levi, hata ile yangu ya fremu?"

Kikanda cha kijani kilikuwa mbele yake mezani. Alikuwa amekijua tangu kilipotoka kwenye pamba.

"Hata hiyo, mwalimu," aliandika.

Alama mbili zikageuka bluu. Beverly hakuandika tena siku hiyo, wala kesho yake.

Jioni ya siku hiyo ya pili mama mmoja alisimama mbele ya meza akiwa ameinua suruali ya shule. "Mama, hii ni nzima?"

Truphena aliipokea, akaigeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye kila pindo.

"Mimi naona ni nzima," alisema. "Lakini angalia na wewe."