Bibi Aliyekatazwa Kubangua Korosho

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya kliniki moja hapa Mtwara mjini. Mlango ulikuwa wazi, na ndani alikaa bibi mmoja aliyeletwa na binti yake. Kila alichoulizwa bibi, binti ndiye aliyejibu.

"Chakula hali vizuri, usingizi hapati, mikono haina nguvu tena," alimwambia muuguzi. "Tumemtoa kijijini kwake Nanyamba aje apumzike kwangu. Hagusi kazi yoyote."

Muuguzi akampa bibi vidole viwili. "Shikamoo bibi. Hebu nibane."

"Marahaba," bibi akasema, akabana. Muuguzi akainuka kidogo kitini, akaukung'uta mkono wake kama aliyeungua.

"Mikono hii ilikuwa inafanya kazi gani?"

"Kubangua korosho. Sasa tangu Ramadhani nimekalishwa kwenye kochi. Nikishika hata ufagio wananinyang'anya, eti majirani watawasema."

Binti akatazama sakafu. Muuguzi akaandika kwenye karatasi, kisha akaisoma kwa sauti: "Korosho za kubangua, kila siku baada ya chai. Asinyang'anywe."

Bibi akaikunja karatasi, akaifunga kwenye pindo la khanga, akatoka akiwa mbele ya binti yake. Foleni nzima ilimpisha.

Wazee wetu tunawapenda, sikatai, ila wengine tunawapumzisha mpaka wanaugua. Nilipofika nyumbani nilimtolea baba jembe lake nililolificha stoo. Hakunishukuru. Alishaanza kulima.